Dakika Tatu za Kiswahili

Katika shule nyingi za sekondari Tanzania utakuta maandishi ya rangi juu ya mlango: "Speak English Only." Walimu wengi wameyahamishia hadi kwenye andalio la somo. Kwao, kipindi cha Kiingereza kikishaingiwa na neno la Kiswahili kimeharibika, na mwalimu aliyelitamka ama ni mvivu, ama Kiingereza chenyewe kinampiga chenga.

Imani hii ni ya siku nyingi. Mwaka 1961 ulifanyika Makerere, Uganda, mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Mwanaisimu Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alitaja mawazo matano aliyoyahusisha na mkutano huo na kuyaita potofu. Moja ni hili la Kiingereza kufundishwa kwa Kiingereza kitupu. Mimi sababu zangu za kuipinga imani hii ni za ubaoni tu.

Chukua "mtoto amelala". Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyekaririshwa kuwa "-me-" ni "has" ataandika "The child has slept", kisha ashangae kalamu nyekundu imetoka wapi. Hakuzembea. "-me-" yetu ina kazi mbili: tendo lililokwisha, kama "amekula", na hali iliyopo sasa, kama "amelala", "amesimama", "amevaa". Kiingereza huzitenga: "has eaten" huku, "is asleep", "is standing", "is wearing" kule. Mwalimu anaweza kuhubiri Kiingereza muhula mzima na mtoto asiuone mpaka huo, kwa sababu umefichwa ndani ya Kiswahili chake mwenyewe. Lakini akiandaa dakika tatu za kulinganisha "amekula" na "amevaa" ubaoni, darasa litauona.

Au swali la kukanusha. "Hujala?" "Ndiyo", yaani sijala. Kwa Kiingereza, asiyekula hujibu "No". Mtoto ambaye hajaonyeshwa hilo akienda ugenini atajibu "Yes" na kulala njaa.

Wapo watakaosema kila dakika ya Kiswahili inamwibia mwanafunzi nafasi ya kusikia na kuzungumza Kiingereza. Tupige hesabu. Kipindi ni dakika 40. Darasa la wanafunzi 60, wakizungumza mmoja mmoja, kila mtu anapata sekunde 40, hata kama mwalimu hatafungua kinywa. Na mwalimu gani huyo asiyefungua kinywa? Mwizi mkubwa wa muda ni maelezo ya zoezi yanayorudiwa mara nne kwa Kiingereza ambacho darasa halijakielewa. Sentensi moja ya Kiswahili, kisha wote wageukiane wawili wawili na kuanza kuulizana kwa Kiingereza: hapo muda umeokolewa.

Sikatai kwamba wapo wanaofundisha Kiingereza kwa Kiswahili toka kengele hadi kengele, na wanafunzi wao hutoka bila kutamka sentensi moja. Hilo ni tatizo kweli. Lakini mara nyingi Kiswahili cha namna hiyo hakikupangwa. Kilimponyoka mwalimu alipokwama, na kwenye andalio hakionekani, maana anajua mthibiti ubora wa shule atalipitia. Mimi ningetaka kionekane: kwenye safu ya kazi ya mwalimu iandikwe "dk. 3, Kiswahili: amelala na amekula", na kwenye safu ya wanafunzi dakika zinazofuata ziandikwe kuwa zao, kwa Kiingereza.