Beseni Si Ngazi

Kila Alhamisi Kuu mahubiri ni yale yale: Yesu alijishusha akaosha miguu, ndiyo maana akainuliwa, nawe jishushe, zamu yako itafika. Waumini huitikia amina. Mimi nasema hapo Injili ya Yohana imesomwa juu chini.

Tazama msimulizi anavyolipanga tukio katika sura ya 13. Kabla Yesu hajagusa maji, tunaambiwa kwamba anajua Baba ameshamkabidhi vitu vyote. Haoshi miguu ili apewe cheo. Cheo anacho tayari. Anawaosha wote, hata Yuda, ambaye malipo yake yanajulikana. Yuda anatoka, msimulizi anatudokezea kuwa ni usiku, na papo hapo Yesu anatangaza kwamba sasa ametukuzwa. Sasa, msaliti akiwa bado njiani! Mwandishi aliyekusudia kutusimulia habari za kupanda ngazi angelihifadhi tangazo hilo hadi asubuhi ya Pasaka.

Wala hakupitiwa. Mathayo, Marko na Luka wanatupandisha mlimani tumwone Yesu aking'aa mbele ya wanafunzi watatu. Yohana hana mlima huo. Utukufu ameupeleka kwenye beseni, kisha msalabani, ambako Pilato anamwandika mfalme kwa Kiebrania, Kilatini na Kigiriki. Katika Injili hii, kuinuliwa na kutundikwa ni tukio moja.

Na Petro, anayekataa kuoshwa? Wahubiri humsifu kwa adabu. Adabu gani? Petro anailinda ngazi: bwana akichuchumaa sakafuni, wanaomtazamia awapandishe watapanda wapi?

Najua nitajibiwa kwa Luka 14, kwamba ajishushaye atakwezwa. Sawa, lakini msifunge kitabu hapo. Mstari unaofuata Yesu anamgeukia mwenye nyumba aliyemwalika, anamkataza kualika matajiri watakaomrudishia mwaliko. Awaalike maskini, vilema, viwete na vipofu. Malipo yanatajwa, ndiyo, ila yamesogezwa hadi ufufuo. Anayekaa kiti cha nyuma ukumbini huku akimkazia macho mshereheshaji amwite meza kuu hajanyenyekea. Anasubiri tu, na kiburi chake kinasubiri pamoja naye. Mafundisho ya ngazi yanazalisha watu wa namna hii kwa wingi, hasa miongoni mwa wanaogombea vyeo, makanisani na nje yake.

Aprili 2019 Papa Fransisko, mzee wa miaka 82, alipiga magoti Vatikani akabusu viatu vya viongozi wa Sudan Kusini, wakiwamo Salva Kiir na Riek Machar, watu ambao majeshi yao yalikuwa yameiteketeza nchi. Wahubiri wa ngazi watueleze: pale alikuwa anajiandaa kupanda kwenda wapi? Katika Kanisa lake hakuna kiti kilicho juu ya kile alichokuwa anakikalia.