Kabla mwanao hajapewa nusu kaputi kwa sababu ya meno

Mzazi, tuseme mwanao ana miaka mitatu na nusu. Siku ya tatu sasa anatafunia upande mmoja, usiku anaamka akilia, na leo asubuhi shavu limevimba. Umemfikisha kwa daktari wa kinywa na meno, mtoto amefumbua mdomo kwa shida, na daktari amehesabu meno manane yaliyooza. Kisha anakuambia jambo ambalo hukulitegemea: itabidi mtoto apewe nusu kaputi, meno yote yatibiwe siku moja akiwa usingizini.

Wengi hapo humbeba mtoto wakaondoka. Wapo wanaoogopa kwamba hataamka. Wapo pia wanaosema ya nini yote hayo, si meno ya utoto tu, yatang'oka yenyewe. Hoja hii ya pili ndiyo inayoniudhi. Meno ya mbele ni kweli huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka sita hivi, lakini magego ya utoto hukaa hadi miaka 10, mengine 12. Huwezi kumwambia mtoto wa miaka mitatu asubiri muda wote huo na usaha mdomoni. Antibayotiki peke yake huutuliza tu, kisha unarudi, kwa sababu jino lililouleta bado lipo. Ukishuka chini ya taya hadi shingoni unaweza kubana njia ya hewa. Hapo nusu kaputi uliyoikimbia atapewa tu, ila usiku wa manane, kwa dharura, akiwa na homa.

Hofu ya kwanza sina ugomvi nayo. Njia ya hewa ya mtoto mdogo ni nyembamba na oksijeni humwishia mwilini upesi kuliko mtu mzima. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, uliza nani atamlaza. Awe mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto, kazi yake siku hiyo iwe hiyo moja tu, na pawepo mashine ya kupima oksijeni na mapigo ya moyo muda wote. Ukiambiwa daktari wa meno mwenyewe ndiye atakayempa dawa huku akimtibu, mchukue mwanao uende hospitali nyingine.

Kuhusu ubongo, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari mwaka 2016 juu ya watoto walio chini ya miaka mitatu wanaopewa dawa hizi mara kwa mara, au kwa zaidi ya saa 3 mfululizo. Utafiti mkubwa uliofuatilia watoto waliolazwa mara moja wakiwa wachanga, kwa muda usiofika saa moja, ulitoa matokeo yake mwaka 2019: walipofika miaka mitano, akili zao hazikutofautiana na za wenzao waliofanyiwa upasuaji kwa ganzi tu. Ndiyo maana daktari makini hung'oa jino la mashaka badala ya kulibahatisha, na gego lililoliwa sana hulivika kofia ya chuma badala ya kuliziba tu. Hataki kumlaza tena mwakani. Usimlaumu kwa kung'oa manne. Mwombe akueleze mapema yapi na kwa nini.

Lakini je, kuna haja kweli? Mara nyingi hakuna. Mbinu ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba jino bila mashine ilianzia hapa hapa Tanzania katika miaka ya 1980, kisha ikasambaa duniani. Ipo pia dawa ya floraidi yenye madini ya fedha, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu. Hupakwa kwa dakika chache na kusimamisha uozo, ingawa huacha doa jeusi. Jino jeusi lisilouma kwa mtoto wa miaka mitatu, mimi ningelipokea kwa mikono miwili. Nusu kaputi ibaki kwa mtoto mdogo asiyeweza kutulia na mwenye meno mengi mabovu au usaha, au mwenye ulemavu unaomzuia kushirikiana. Kwa mtoto wa namna hiyo, ni heri hiyo kuliko watu wazima wanne kumkandamiza kitini.

Ikishaamuliwa, sema kila kitu: selimundu, pumu, moyo, hata mafua ya juzi. Chakula, uji na maziwa ya kopo au ya ng'ombe vikome saa 6 kabla; maziwa ya mama saa 4; maji matupu saa 2, isipokuwa hospitali ikuelekeze vingine. Na mwambie bibi. Akimwonea huruma mjukuu akampa uji alfajiri, usifiche, kwani chakula hicho kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu akiwa usingizini. Afadhali siku iahirishwe.

Jioni mtarudi nyumbani, na chupa ya maziwa yenye sukari itakuwa kabatini. Ndiyo iliyowafikisha hospitali. Itoe leo hii, umpigishe mswaki mwenyewe kila usiku kwa dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele kama hajafika miaka mitatu au ya njegere kama amefika, na umrudishe akaangaliwe baada ya miezi mitatu hata kama hajalia.