Habari ya Saratani ya Titi Isibebwe na Mtu Mmoja

Wanawake wengi wanaogunduliwa kuwa na saratani ya titi hawakuitarajia. Mwenye uvimbe usiouma huendelea kulima, kuuza sokoni na kulea, akiamini kwamba ugonjwa mkubwa sharti utangulie kwa maumivu makubwa. Mwingine hujiona salama kwa kuwa hakuna aliyewahi kuugua katika ukoo wake, ilhali saratani za titi zinazotokana na vinasaba vya kurithi ni takribani asilimia 5 hadi 10 tu. Majibu ya maabara yanapotoka humkuta mtu asiyejiandaa. Kwa sababu hiyo, saa ya kupewa majibu yafaa ihesabiwe kuwa sehemu ya tiba. Swali la nani atafuatana na mgonjwa liulizwe na kuandikwa katika faili lake, kama linavyoandikwa shinikizo la damu au mzio wa dawa.

Kizwite, kata ya Manispaa ya Sumbawanga, inaonyesha uzito wa jambo hili. Mkazi wake yu karibu na huduma kuliko mwanamke wa mwambao wa Ziwa Tanganyika au wa bonde la Ziwa Rukwa, kwa kuwa hospitali ya rufaa ya mkoa iko mjini. Lakini safari ya tiba ya saratani haiishii mjini. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya, umbali wa zaidi ya kilomita 300. Tiba ya mionzi hutolewa katika vituo vichache nchini, ikiwamo Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka uwanda wa Ufipa.

Safari hiyo si ya mara moja. Tibakemia hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki tatu, kwa miezi kadhaa. Mionzi hutolewa takribani kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa. Vidonge vya homoni, kwa wanaovihitaji, humezwa kwa miaka mitano au zaidi. Wakati huo wote watoto wanahitaji kula na kwenda shule, na mvua za msimu hazimngojei mgonjwa arudi. Shamba lisilolimwa kwa wakati ni njaa ya mwaka unaofuata. Mara nyingi anayekatisha tiba huwa ameshindwa na nauli, malazi na upweke, wala si kwa kudharau ushauri wa daktari.

Hatari ya kukatisha tiba ni kubwa. Tathmini ya huduma za saratani ya titi nchini Tanzania ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba takribani asilimia 80 ya wagonjwa hugunduliwa ugonjwa ukiwa umefika hatua za juu. Mpango wa Kimataifa wa Saratani ya Titi, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, unataka angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua mbili za mwanzo, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni, na angalau asilimia 80 wamalize tiba waliyopangiwa. Lengo hilo la mwisho halitafikiwa kwa dawa peke yake.

Mtu aliyetajiwa saratani husikia neno hilo, na mengi yanayofuata humpita. Akiwa na mwenzake, masikio huwa manne. Mmoja akilia, mwingine huandika tarehe, jina la dawa na mahali pa kwenda. Mwenzake huyo ndiye atakayekumbuka kwamba homa ya nyuzi 38 au zaidi wakati wa tibakemia ni dharura, na kwamba mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, badala ya kupewa dawa ya maumivu na kulazwa nyumbani.

Ufipa haikosi mikono ya kusaidia. Kuna jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, vikundi vya VICOBA, majirani, mashangazi na mawifi. Mikono hiyo huonekana zaidi msibani, ambako hupika, huchota maji na kuchimba kaburi. Yafaa ije mapema. Kikundi kinachochangia rambirambi kinaweza kuchangia nauli ya kwenda Mbeya. Jirani anayekuja kutoa pole anaweza kupalilia matuta mawili ya maharage. Msaada wa namna hiyo humfikia mgonjwa kuliko kuambiwa ajikaze.

Wapo watakaosema kwamba ndugu ndio humtoa mgonjwa hospitalini na kumpeleka kwa mganga, au kwamba mume ndiye hukataa upasuaji. Hofu hiyo ina msingi. Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa na wenyeji kuwa ni agizo la kutupa uchawi, na ugonjwa usiotarajiwa bado hutafutiwa mrogaji. Lakini ndugu aliyeachwa nje ya mlango hubaki na uvumi tu. Aliyeelezwa kwa heshima, bila kukemewa wala kuchekwa, ndipo anapoweza kuuliza linalomtisha na kujibiwa. Asiyeelezwa ataamua nyumbani, kwa giza.

Hata hivyo, kufuatana na mgonjwa si kumtawala. Mwenye mwili ndiye mwenye siri. Yeye ndiye achague mtu wake, awe mume, dada, binti au jirani, na wala asilazimishwe kuwa naye ikiwa hataki. Vilevile mshirika wa safari hachukui nafasi ya wajibu wa Serikali wa kuleta vipimo, dawa na wataalamu karibu na wananchi.

Linalowezekana sasa halihitaji bajeti kubwa. Siku ya kuchukua kinyama kwa ajili ya uchunguzi, mhudumu amwambie mgonjwa: "Mama, siku ya majibu waweza kuja na mtu unayemwamini." Majibu yatolewe wakiwa wameketi, mlango umefungwa, kwa Kiswahili chepesi au Kifipa inapobidi. Mpango wa tiba uandikwe kwenye karatasi wanayoondoka nayo. Kwa ridhaa ya mgonjwa, namba ya simu ya mwenzake iwekwe kwenye faili, na mgonjwa akutanishwe na mwanamke aliyekwisha kupita njia hiyo. Asipofika siku ya miadi, apigiwe simu siku hiyohiyo, na swali la kwanza liwe ni kitu gani kimemzuia.