Tasnifu ya Usanifu Isiyosomeka Lamu

Mwanafunzi wa uzamili wa usanifu majengo aendapo Lamu kuandaa tasnifu, hurejea na michoro ya kupendeza. Huwa amelipima daka, amezihesabu zidaka, tena ameonyesha jinsi urefu wa boriti za mikoko ulivyoamua upana wa vyumba, vikawa virefu na vyembamba. Kisha huyaandika yote kwa Kiingereza, akayatetea mbele ya jopo, akahitimu.

Usam Ghaidan naye alichapisha utafiti wake kuhusu mji huo kwa Kiingereza mwaka 1975, wala halaumiwi. Lakini Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Iweje basi fundi aliyemfafanulia mtafiti tofauti ya msana wa tini na msana wa yuu ashindwe kuisoma kazi iliyojengwa kwa maneno yake?

Hatudai tasnifu nzima itafsiriwe. Ikisiri ya Kiswahili na faharasa ya istilahi, zikaguliwe na mhadhiri wa Kiswahili, zingetosha kwa kuanzia. Idara zetu (hodari wa kulalamikia uhaba wa istilahi!) zimebisha hodi kwa wasanifu mara ngapi? Na nakala moja ifike Lamu kabla ya mahafali.