Siku ya posho, na sisi tutoke



Mvua zimekwisha. Matope ya Manika yamekauka, asubuhi pumzi inaonekana mdomoni kama moshi, na wale wanaouza mikate ya mafuta pembeni ya barabara wamekwisha kuvaa makoti juu ya vikwembe. Kolwezi iko juu, mita 1,400 na zaidi kupita usawa wa bahari, ndiyo sababu mgeni anayetoka Kinshasa mwezi wa sita anatetemeka na kuuliza kama kweli bado yuko Kongo. Wenzetu wa Ulaya wanangojea mwezi wa kumi, majani yakianguka, ndipo wanatoka mwisho wa juma kutafuta nguo za zamani, kinywaji kizuri na mahali pa kula penye joto. Kwetu wakati wa namna hiyo ni sasa, mwezi wa tano na wa sita: barabara ni kavu, jua halichomi, na vumbi la mwezi wa nane bado halijaanza kutuziba pua.

Nimetaka kuandika juu ya kutoka kwa sababu ya mazungumzo makali tuliyokuwa nayo kikundini. Mmoja wetu alileta shauri kwamba siku ya posho ya mwisho ya kila mwezi tutoke pamoja, bila watoto, saa nne au tano hivi, tule mahali ambapo si sisi tuliopika. Mama anayetunza sanduku alikataa pale pale. Alisema franga za likelemba si za kunywa, na ana haki: likelemba ikianza kuchotwa kwa raha, wa mwisho kupokea atalia. Tukabishana karibu saa nzima. Halafu mama mmoja anayeosha mawe ya madini tangu bwana wake aachishwe kazi, mtu asiyesema sana, akasimama na kusema kwamba tangu aolewe hajawahi kukaa mezani na mtu akamletea sahani. Hajui ina ladha gani, kula bukari ambayo hukuisonga. Makelele yalikwisha.

Tuliamua hivi: sanduku la likelemba haliguswi. Kila anayetaka kutoka anaweka franga 2,500 kila juma mfukoni mwingine, na mfuko huo unashikwa na mtu mwingine. Juma nne zinafanya franga 10,000. Asiyeweza mwezi huu haulizwi kwa nini, na hadaiwi.

Mnajua siku yenyewe ilipata wapi jina lake. Wakati wa Union Minière, na baadaye Gécamines, mfanyakazi hakupokea franga tu. Alipokea pia posho, unga na vyakula vingine, vilivyogawanywa kwa juma. Jina la chakula likawa jina la siku. Mababu zetu waliosimama kwenye mstari wa kantini na watoto mgongoni ndio waliobeba siku hiyo kichwani, kweli kweli, ndani ya gunia. Tangu hapo siku ya posho imebaki siku ya mama kubeba: soko, nguo za kufua, kusuka watoto nywele kwa ajili ya siku ya Mungu. Sioni ubaya kama siku moja kati ya nne ingetubeba sisi.

Sasa juu ya mabwana. Kuko wale watakaosema bibi anayekaa mahali pa vinywaji si bibi. Wengine wao wanasema hivyo wakiwa wamekaa pale pale, chupa ya tatu mkononi, lakini hilo tuliache. Ninachoshauri ni kutosema uongo. Usiseme unaenda kilioni halafu uonekane mezani. Kolwezi ni mji mdogo kuliko tunavyofikiri, na uongo wa namna hiyo ndio unaoharibu jina, si chupa ya limonadi. Mwambie baba ya watoto siku mbili mbele: tunaenda mahali fulani, na fulani na fulani, nitarudi saa kumi na moja. Acha chakula cha watoto. Rudi kwa saa uliyosema. Mwezi wa kwanza atanung'unika, mwezi wa tatu atakuuliza kama zamu yenu imefika.

Mahali pa kwenda? Mimi niko upande wa malewa. Hoteli mpya za mjini ni nzuri, viti ni laini na choo kina maji, lakini zimejengwa kwa ajili ya watu wa makampuni, na bei yake inahesabiwa kwa dola. Franga 10,000 pale unapata harufu. Malewa mengi yanashikwa na mwanamke mwenzetu, na franga unayoacha pale inalipa masomo ya watoto wake. Tafuta mama anayefunika sufuria zake, anayeweka maji na sabuni ya kunawa kabla hujauliza, na ambaye bukari yake inatoka motoni, haikungoja tangu asubuhi. Mwendee siku moja mbele mkubaliane: tutakuwa kumi na wawili, tunataka sombe iliyopikwa vizuri na mafuta ya mawese, samaki wa Nzilo kama wamepatikana, kamundele za mbuzi pembeni. Ukimwambia mapema atanunua vizuri na atawapangia meza moja ndefu. Ukimfikia ghafula na watu kumi na wawili, atawalisha mabaki, na kosa halitakuwa lake.

Ulizeni pia kikanda. Wengine wanakiona chakula cha vijijini, lakini ukikikata vipande na kukila na pilipili kwenye baridi hii, utanielewa. Kinatengenezwa kwa viazi vidogo vya maua ya okidi vya porini, vinakaushwa, vinatwangwa na kupikwa pamoja na karanga zilizotwangwa, mpaka kinashikamana kama nyama. Nguvu ya hamu yetu na ya wenzetu wa Zambia ni kubwa hata viazi hivyo vimefika kuchimbwa mbali, mpaka nyanda za juu za Tanzania. Kwa hiyo kila mtu kipande kimoja, wamama, si sahani nzima.

Na kinywaji. Wasichana wetu wanataka kokteli, lile glasi refu lenye kipande cha chungwa ukingoni, kwa sababu wanaliona kwenye simu. Sikatai glasi refu. Ninataka tujue kilichomo. Kipimo kimoja cha pombe kali, sentilita nne tu, kina alkoholi karibu sawa na chupa ndogo ya bia ya sentilita 33. Ndani ya kokteli wanaweza kuweka vipimo viwili au vitatu, na sukari pamoja na maji ya matunda vinaficha ukali. Unakunywa kama juisi, unasimama, magoti yanakataa. Chupa yetu kubwa ya bia nayo si chupa moja. Ni mbili zilizovaa nguo moja. Mwenye mimba asinywe hata kidogo, anayetumia dawa aulize kwanza, na lutuku isikaribie meza yetu kabisa, hata mtu akisema ameitoa kwa dada yake. Pombe inayokerezwa nyumbani haina anayeipima, na tumezika watu.

Kokteli yetu iko, ni ya hapa hapa, na bei yake haiumizi: munkoyo. Wakubwa wanajua, lakini nimekuta wasichana wa miaka ishirini wanaofikiri munkoyo unazaliwa ndani ya chupa ya plastiki. Unapika uji wa unga wa mahindi, uive sana, unauacha upoe mpaka kidole kinavumilia. Unaponda mizizi ya munkoyo, unaitia ndani, unakoroga. Hapo ndipo ajabu inapotokea: mizizi ina nguvu ya kuvunja wanga wa mahindi kuwa sukari, kwa hiyo uji mzito unalegea na kuwa maji, na unakuwa mtamu bila mtu kuweka sukari. Unatoa mizizi, unachuja, unaacha mpaka asubuhi. Siku ya kwanza ni mtamu, watoto wanakunywa. Siku ya pili unaanza kuuma ulimi. Baada ya hapo umekuwa pombe, na usiwape watoto tena. Mizizi nunua kwa muuzaji unayemfahamu, maana porini kuko mizizi mingi na si yote rafiki.

Sisi tunauchanganya hivi: nusu ya glasi munkoyo wa siku ya kwanza, robo maji ya tangawizi iliyokunwa na kuchujwa, limau, na majani mawili ya mnanaa kama bustani inayo. Mama mwenye malewa akikubali, mpelekee tangawizi, yeye alete munkoyo. Tuliijaribu nyumbani kwangu juma lililopita na hakuna aliyeuliza bia.

Kabla ya kula, mnaweza kupita kwenye nguo za balo. Hapo ndipo wengi wetu tunasahau saa. Wenzetu wa ng'ambo ya Kasumbalesa wanaziita salaula, neno linalosema kazi yenyewe, kupekua rundo na kuchagua. Ulaya siku hizi vijana wanalipa bei kubwa kwa koti ambalo bibi fulani alilivaa miaka ya 1970. Sisi tumekuwa tukifanya hivyo bila kujisifu. Ukitafuta koti la baridi, ligeuze ndani kwanza. Angalia mishono chini ya kwapa, vuta zipu mara tatu, inua kitambaa kwenye jua uone kama nondo walitangulia. Sweta ya sufu yenye tundu usiitupe ikiwa bei ni ndogo. Wamama wakubwa waliojifunza kushona na kufuma kwenye foyer social ya kampuni bado wako, na wanajua kuifumua uzi wote na kufuma upya kofia mbili za watoto. Mwalike mmoja mtoke naye. Mlipie sahani, yeye awafundishe. Elimu ile ikienda naye kaburini haitarudi na balo lolote.

Na ukifika nyumbani, usivae. Fua kwa maji ya moto na sabuni, anika juani, kisha piga pasi pande zote mbili mpaka kwenye mishono. Si juu ya uchafu tu. Kuko inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake wanaingia ndani ya ngozi. Watoto wachanga ndio wanaoteseka. Moto wa pasi unayamaliza mayai.

Lakini nguo nzuri ya zamani kuliko zote labda haiko sokoni, iko ndani ya sanduku la mama yako. Vile vikwembe vya wakati wa Zaire, Mobutu alipokataza wanawake suruali na mawigi na kikwembe kikawa nguo ya kila mahali, vingine bado vina rangi kuliko vya mwaka jana. Wax ya kweli unaijua kwa kugeuza: upande wa nyuma rangi ni kali kama mbele, na kuko mistari midogo kama nyufa ambapo nta ilipasuka. Kipande kizima cha yadi sita kinatoa vikwembe vitatu. Kabla hujakikata kuwa gauni la mtindo mpya, muulize mama alikivaa siku gani. Majibu mengine yatafanya uweke mkasi chini.

Neno moja juu ya joto. Malewa mazuri ya baridi yanaweka mbabula kati ya meza, na hakuna kitu kitamu kama kunyoosha mikono juu ya makala huku kamundele zinalia mafuta. Hiyo ni nje, au mahali palipo wazi. Tafadhali, mkirudi nyumbani mmezoea joto lile, msiingize mbabula ndani ya chumba cha kulala na kufunga dirisha. Makala yanayoonekana yamelala bila moshi yanatoa hewa isiyo na harufu, nayo inaua watu usingizini. Kila mwaka wa baridi tunasikia nyumba fulani haikuamka. Ongezeni blanketi, lalisheni watoto pamoja, mbabula ibaki nje.

Kutoka Kingamyambo, ambako upepo wa kiangazi unainua vumbi la mabaki ya madini, leteni kitambaa cha kichwa na cha mdomo. Wewa mkubaliane bei kabla ya kupanda, mtu mmoja kwa moto moja, na asiyeonekana mzima kichwani mwacheni aende peke yake. Picha zipigwe, lakini hakuna inayotumwa kwenye simu za watu mpaka kila aliyemo amekubali. Tunao dada wawili ambao kwa sababu zao hawataki.

Mwezi huu tunatoka siku ya posho ya mwisho, saa tano, mbele ya soko. Waliojiandikisha ni kumi na moja. Mama yule anayeosha mawe alilipa franga 2,500 zake za nne juzi, zikiwa zimekunjwa ndani ya kona ya kikwembe, na ameuliza kama inaruhusiwa kuomba samaki mzima, na kichwa chake. Nimekwisha kumwambia mwenye malewa.