Kidhibiti Mwendo au Kidumisha Mwendo? Istilahi za Gari na Dhamana Yetu

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Aghalabu methali hii hutumiwa kumbeza mtu asiyefahamu jambo ambalo wenzake wanaliona wazi. Nia ya makala haya ni kuipindua. Asiyejua maana ndiye hasa anayestahili kuambiwa maana, na sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili tuna dhamana ya kumwambia. Nitautoa mfano wangu mahali ambapo wanaistilahi wetu hawajazoea kupatembelea, yaani mbele ya usukani wa gari, katika barabara za nchi ya majani chai, Kericho na Bomet.

Sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe. Mjomba wangu, mkulima wa majani chai upande wa Konoin, alinunua gari dogo lililotangulia kutumika Japani. Alasiri moja tulikuwa tukitoka Kericho mjini kuelekea Chepseon, na mvua ya huko, ambayo haisubiri masika, ilikuwa imekwisha kuilowesha barabara. Kwenye usukani palikuwa na kitufe kilichoandikwa CRUISE. Mjomba alikiangalia, akaniuliza, "Wewe ndiwe unayesomea Kiswahili. Hiki ni nini?" Nilijibu bila kusita, tena kwa fahari, kwamba hicho ni kidhibiti mwendo.

Jibu langu lilimridhisha, nalo ndilo lililotuponza. Kila Mkenya aliyepanda matatu tangu mwaka 2004 analijua neno kidhibiti mwendo. Kanuni zilizotolewa mwaka 2003 na Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zikaanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha magari ya abiria yawe na mikanda ya usalama pamoja na kifaa cha kuyazuia yasipite kilomita 80 kwa saa. Redio na magazeti yalikieneza kifaa hicho kwa jina la kidhibiti mwendo, likashika. "Kumbe ni kile cha matatu," mjomba akasema. "Basi kitatuzuia." Akakibonyeza, akauweka mwendo wa 70, akauondoa mguu wake kwenye mafuta.

Tulipofika penye mwinuko tulimkuta mbele yetu dereva wa lori la majani chai akipanda polepole. Mjomba alingoja gari lizuiwe. Halikuzuiwa. Kwa kuwa kilima kilikuwa kimeanza kulipunguza kasi, injini ilinguruma ikaongeza nguvu ili irejee 70. Alipokanyaga breki tulikuwa karibu mno na lori, magurudumu yakateleza kwenye lami iliyolowa, na kwenye dashibodi kitaa cha manjano chenye picha ya gari na mistari iliyopindapinda kikawa kinawaka na kuzimika. Tulisimama kando ya barabara, miche ya chai ikigusa mlango. Hatukuumia. Mjomba alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Mbona hakikuzuia?"

Hakikuzuia kwa sababu si kazi yake kuzuia. Kudhibiti ni kukiweka kitu ndani ya mpaka. Kifaa cha matatu huweka dari: dereva yu huru kwenda 30 au 60, ila hawezi kupita 80. Kifaa kilichokuwa chini ya kidole cha mjomba hufanya kazi nyingine kabisa. Dereva akibonyeza SET, mwendo aliokuwa nao wakati huo hunakiliwa, na kifaa huongeza au kupunguza mafuta ili mwendo huo udumu. Ukipanda mlima, kinaongeza nguvu. Ukishuka, kile cha aina sahili kinaweza tu kupunguza mafuta. Hakina mamlaka juu ya breki, kwa hiyo uzito wa gari ukilisukuma, mwendo hupita ule uliowekwa. Dereva akigusa breki, au akibonyeza CANCEL, kifaa hukatika, na akibonyeza RES hurejea mwendo ule wa awali hata kama hali ya barabara imebadilika. Ndiyo maana wataalamu wa udereva huonya kisitumiwe kwenye mvua, ukungu, kona nyingi au msongamano. Yapo magari mapya yenye kifaa cha namna hii kinachomtazama aliye mbele kwa rada au kamera na kupunguza mwendo chenyewe, lakini nacho huweza kupofuka kwa mvua kubwa, ukungu au tope. Kwa ufupi, kifaa hiki kiliundwa kwa ajili ya barabara ndefu, iliyonyooka, kavu na yenye magari machache. Atakayeipata barabara ya namna hiyo kutoka Makutano ya Londiani hadi Litein saa tisa alasiri na aniandikie barua.

Basi napendekeza tukiite kidumisha mwendo. Vitenzi hivi viwili, kudhibiti na kudumisha, vyote ni vyetu, na tofauti yake anaielewa hata mtoto wa shule ya msingi. Laiti ningalimwambia mjomba kwamba hicho ni kidumisha mwendo, nadhani angaliuliza mara moja: "Kidumishe mwendo, na lori likiwa mbele je?" Swali hilo ndilo elimu yote ya kifaa chenyewe. Istilahi nzuri humfanya mtumiaji aulize swali lifaalo. Istilahi mbaya humfariji. Darasani tumezoea kuzipima istilahi kwa ufupi, ulinganifu na utamu wa matamshi, tukagombana miaka nenda miaka rudi juu ya tarakilishi na kompyuta. Ugomvi ule haukumjeruhi mtu, kwa kuwa maneno yote mawili yalikielekea kitu kilekile. Hapa neno moja limevielekea vitu viwili vinavyopingana, na anayelipia utata huo ni aliye barabarani.

Tuviangalie sasa viashiria vya dashibodi. Alama zake zimesanifishwa kimataifa na Shirika la Kimataifa la Viwango, kwa dhana kwamba picha haihitaji lugha. Dhana hiyo ina kasoro ambayo mwanafunzi yeyote wa semiotiki anaijua: picha husomwa kwa macho ya utamaduni wa mtazamaji. Alama ya shinikizo la oili ni chombo cha zamani cha kutilia mafuta, chenye mdomo mrefu na tone likidondoka. Mwonyeshe mtoto wa Kericho, atakuambia ni birika la chai. Hana kosa, maana hajapata kukiona chombo kile, bali birika analiona kila asubuhi. Lakini birika hilo likiwaka jekundu gari likiwa safarini, dereva ana muda mchache tu wa kusimama na kuizima injini kabla haijasagika.

Hapa Kiswahili kinaweza kuleta mpangilio usiohitaji kukariri picha hata moja. Rangi tatu zipewe vitenzi vitatu. Nyekundu huamuru: simama mahali salama, kwani shinikizo la oili limeshuka, au maji yamechemka, au breki ina hitilafu, au betri haichajiwi. Manjano hutahadharisha: unaweza kuendelea kwa uangalifu, lakini mtafute fundi, kwani injini au mfumo wa kuzuia breki zisikamate umeona kasoro. Kijani na buluu huarifu: jambo fulani limewashwa au linaendelea, kama vile taa za mbali. Katika magari mengi madogo yasiyo na kipimajoto, kitaa cha buluu huonyesha kwamba injini ingali baridi, na katika asubuhi za Kericho, mji ulioinuka karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hukaa kwa muda kabla ya kuzimika. Kuna madereva wanaokiogopa kitaa hicho cha buluu na kumpuuza ndugu yake wa manjano. Kuamuru, kutahadharisha, kuarifu: anayevijua vitenzi hivi vitatu amekwisha kuisoma nusu ya dashibodi.

Kuhusu taa za nje, madereva wetu wamejiundia lahaja yao wenyewe, na ni lahaja ya kustaajabisha. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kulia huenda anakusudia kukata kulia, au anamwambia aliye nyuma asimpite kwa sababu mbele kuna gari. Akiwasha ya kushoto, huenda anaegesha au anakukaribisha upite. Taa za dharura, ambazo huwasha indiketa zote kwa pamoja na ambazo ziliwekwa kwa ajili ya gari lililokwama, wengine huziwasha kwenye njia panda kumaanisha "naenda moja kwa moja", na wengine huziwasha wakiwa mwendoni ndani ya ukungu. Hii ni polisemia, tena ile isiyo na muktadha wa kuitegua. Ndani ya ukungu wa Chepseon, dereva aliyewasha taa za dharura amejinyima uwezo wa kusema kwamba sasa anakata kona, na anayemfuata hajui kama gari lile linakwenda au limesimama.

Ukungu una kanuni zake, nazo ni chache. Taa za mbali zizimwe, kwa maana mwanga wake hugonga matone ya maji na kumrudia dereva machoni kama tochi iliyoelekezwa kwenye shuka jeupe. Taa za karibu ziwashwe, pamoja na taa za ukungu kama zipo. Na aliye na gari jipya asidanganywe na dashibodi inayong'aa wakati wote: katika magari mengi, taa za mchana huwaka mbele tu, nyuma kukawa giza. Hata kitufe cha AUTO hupima mwanga, hakipimi ukungu. Ukungu mweupe wa saa nne asubuhi waweza kukifanya kiamini kwamba hakuna haja ya taa, na lori linalokuja nyuma lisikuone kamwe.

Nakubali kwamba barabara hizi zina maafa ambayo kamusi haiwezi kuyaponya. Tarehe 10 Oktoba 2018, basi lilipinduka karibu na Fort Ternan na watu zaidi ya 50 wakafariki. Tarehe 30 Juni 2023, lori liliwavamia wachuuzi, abiria na magari kwenye Makutano ya Londiani, na takriban watu 50 wakapoteza maisha. Sidai kwamba istilahi ingaliwaokoa. Ninachodai ni kwamba watu wanaosafiri penye makaburi mengi kiasi hicho hawapaswi kunyimwa hata ile sehemu ndogo ya usalama ambayo lugha yaweza kuitoa.

Wapo watakaosema kwamba madereva wamekwisha kujifunza bila sisi: breki, gia, klachi na indiketa ziliingia zenyewe na hakuna aliyekufa kwa kukosa neno la Kibantu. Hoja hii ina uzito, na mimi si adui wa maneno ya mkopo. Lakini maneno hayo yaliingia yakiwa yameshikana na mikono ya mafundi na utingo waliomwonyesha mwanafunzi wao kitu chenyewe kikifanya kazi. Kitufe cha mjomba kilifika peke yake, kutoka bandari ya Mombasa, bila fundi wala kitabu cha maelezo kinachosomeka. Redio ya gari hilo humsalimia kwa Kijapani kila asubuhi, naye humwitikia kwa Kikipsigis, na baina yao hakuna mkalimani. Neno kruzi likifundishwa vyema ni bora mara mia kuliko kidhibiti mwendo nililolitoa mimi. Ninachopinga ni tafsiri ya haraka inayoficha kazi ya kifaa.

Wala hili si suala la hisani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na katika Kifungu cha 46 ikampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidike nayo kikamilifu. Mkulima aliyelipa ushuru wa gari lake bandarini hana maelezo hayo kwa lugha rasmi anayoielewa vyema.

Nakiomba chama chetu, basi, kifanye mambo matatu. Kwanza, wanachama waende kwenye stendi na gereji za Kericho, Litein, Sotik na Bomet, wakusanye maneno ambayo madereva na mafundi wanayatumia tayari, kabla ya kuketi kuunda mapya. Pili, tutayarishe karatasi ya ukurasa mmoja yenye alama kuu za dashibodi, rangi zake na vitenzi vyake vitatu, iweze kukunjwa na kuwekwa garini. Tatu, kila istilahi ijaribiwe kwa dereva kabla ya kuchapishwa, kwa swali moja tu: "Ukisikia jina hili, unadhani kitu hiki kitafanya nini?" Akijibu visivyo, kosa ni letu na neno litupwe.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mwenyeji wa Kericho hahitaji kufundishwa kuyasoma mawingu. Dalili za gari lake hajafundishwa na mtu. Mjomba angali ananiita msomi wa Kiswahili, na kitufe kile amekifunika kwa kipande cha plasta. Siku nitakayompelekea karatasi hiyo, nitafurahi akiibandua.