Aliyemkimbiza Roberts

Kila wanapouzungumzia msimu wa 1950 wa Cleveland Browns, wapenzi wa kandanda ya Kimarekani aghalabu huanza na taswira moja: ni Desemba 24, baridi imeukaza uwanja wa Cleveland, Los Angeles Rams wanaongoza kwa pointi 28 dhidi ya 27, zimesalia sekunde 28, naye Lou Groza anaupiga mpira kutoka yadi 16, ukapita baina ya nguzo, na ubingwa ukabaki mjini. Utamu ulizidi kwa kuwa Rams hao walikuwa wana wa Cleveland hiyo hiyo, waliouhama mji mara tu baada ya kuutwalia ubingwa wa 1945.

Sina ugomvi na Groza. Mguu wake ulistahili sifa. Walakini naona insafu haikutimia, kwa kuwa siku hiyo ya furaha ilinunuliwa wiki moja kabla, na aliyeinunua hatajwi ila kwa nadra.

Browns walizaliwa 1946 katika ligi nyingine, hasimu wa NFL, wakatwaa mataji yake yote manne hata ligi yenyewe ikavunjika. Na walipopokewa katika NFL, wengi waliwadhania kuwa ndio yule jogoo wa shamba asiyewika mjini. Kwa hiyo Septemba 16 wakatumwa Philadelphia, mbele ya watu zaidi ya 71,000, wakutane na Eagles, mabingwa wa miaka miwili mfululizo. Wakawika, 35 kwa 10. Otto Graham alirusha mipira iliyoleta yadi 346, na magazeti yakamsifu kwa haki. Lakini mrushaji hurusha pale tu alipopewa nafasi ya kuvuta pumzi, na katika timu ile mtu wa kumkinga Graham, akiwazuia kwa kifua maadui wanaomjia, alikuwa Marion Motley, pande la mtu ambaye, fauka ya kazi hiyo isiyo na makofi, alikimbia yadi 810 msimu ule, akawapita wakimbiaji wote wa ligi.

Motley na mwenziwe Bill Willis walikuwa Weusi, na mwaka 1946, timu ilipokwenda kucheza Miami, wao wawili waliachwa nyumbani, maana sharia za ubaguzi za Florida na vitisho vya watu havikuwaruhusu kuingia uwanjani pamoja na wenzao weupe. Mwaka huo huo wao, pamoja na Kenny Washington na Woody Strode wa Rams, ndio waliolifungua tena lango la mchezo huu wa kulipwa, mwaka mzima kabla ya Jackie Robinson katika besiboli, ambaye jina lake hata watoto hulijua.

Sasa turejee Desemba 17. Browns na New York Giants wamelingana katika msimamo, na mchezo huu ndio utakaoamua nani aende fainali; nao Giants ndio pekee waliowashinda msimu mzima, tena mara mbili. Gene Roberts wa Giants akachomoka na mpira, mbele yake hakuna mtu. Willis, ambaye kazi yake ilikuwa kupigana katikati ya safu ya ulinzi wala si kushindana mbio na wepesi, akamfuata, akamkamata kwa nyuma yadi chache kabla ya mstari wa goli. Giants walimaliza mchezo na pointi tatu tu, Browns nane. Angalimkosa, Groza asingalikuwa na mpira wa kupiga mkesha wa Krismasi.

Groza aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa kandanda hiyo, lililoko Canton, mwaka 1974. Willis alingoja hata 1977.